Mimi sijengi, mimi naamua nani abomoe

Watu wakisikia naendesha dunia ya mtandaoni, ule mchezo ambao watu wengi waingia pamoja na kujenga kwa bloku, vijiboksi kama matofali, wanadhani nakesha nikichora majumba. Wapi! Mle ndani sijajenga hata kibanda, Mji wa Kale wa Mombasa wote ule na vichochoro vyake wamejenga vijana wenyewe, kuna mmoja kakazana na Fort Jesus mpaka pembe zake azipima kwa picha za setilaiti, na mwengine, hakuna aliyemtuma, kaweka feri ya Likoni na foleni juu. Kazi yangu mimi ni kuamua nani aruhusiwe kubomoa nini, basi, na hiyo ndo yaumiza kichwa.

Na si jambo jipya hili. Chip Morningstar na Randy Farmer walipounda Habitat, dunia ya mtandaoni ya zamani, kule Lucasfilm, kampuni ya filamu, mwaka 1986 hivi watu wakiingia na kompyuta ya Commodore 64 na modemu ya simu, walitumia wiki kadhaa kutengeneza msako wa hazina wakijua utawashika watu siku kadhaa, jamaa mmoja akaumaliza kwa muda wa saa 8 tu, wengine hata hawajajua pa kuanzia. Ukitaka kuwa wewe ndo wawatungia watu cha kufanya kila siku hutawaweza, wanakula haraka kuliko unavyopika.

Sisi twatumia Luanti, programu ya michezo ya kujenga kwa bloku, ile iliyokua yaitwa Minetest mpaka 2024. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, modi, yaani viongezo vya mchezo, zaandikwa kwa lugha ya programu ya Lua na inakubali hata kwa simu ya Android. Ardhi ni tele, karibu bloku 62,000 kutoka mwisho huu mpaka ule, lakini nani ataka kujenga jangwani peke yake? Wote wataka kubanana pale pale penye watu.

Sasa ugomvi waanzia hapo. Modi ya areas, ile ya kugawa viwanja, inafanya hivi: waweka kona mbili, na boksi lote lililo katikati ni lako, ardhi na hewa yake. Kijana mmoja akachukua kiwanja chake toka chini mpaka mawinguni, yeye kaona ni ujanja. Jirani kaja kutoa roshani ghorofa ya pili, si wajua nyumba za kule roshani lazima itokeze njiani, basi kila akiweka ubao waonekana kidogo halafu wapotea, aweka tena, wapotea, akaanza kulaumu intaneti yake. Kumbe intaneti haina neno, simu yake yamwonyesha bloku kabla seva, kompyuta inayoendesha dunia yote, haijajibu, seva ikikataa yafutika. Nikaweka kikomo cha urefu wa boksi, na vichochoro nikavifanya eneo la seva, havina mwenyewe, ukitaka kutokeza juu ya njia waongea na wa mbele yako kwanza. Kelele zikapungua, manake ule ugomvi haukua wa tabia mbaya, ulikua wa sheria iliyosahau kwamba watu wajenga kwenda juu.

Kuhusu intaneti kwa ufupi tu: nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini ukikodi seva Ulaya kila unachobonyeza kinaenda huko na kurudi, zaidi ya milisekunde 100, na mlango wa chumba wachelewa kufunguka. Weka seva karibu. Na picha za modi ziwe ndogo, mgeni azishusha zote mara ya kwanza kwa bando lake mwenyewe.

Kitu kimoja usiache ni kumbukumbu ya nani kaweka na nani kavunja, ile rollback, ambayo pia yaweza kufuta alichofanya mtu. Yaja ikiwa imezimwa na haikumbuki yaliyopita kabla hujaiwasha, kwa hivyo iwashe kabla hujamkaribisha mtu. Hata hivyo sio dawa ya kila kitu, ukifuta kazi ya mharibifu ya juzi waweza kumfutia na mwengine aliyejenga juu yake jana, ndo maana nakala ya dunia nzima naitoa kila usiku na kabla sijarudisha chochote nawauliza kwanza majirani wa pale.