Fomu iliyoikataa Ng'hong'onha, na dhana nyingine kuhusu maktaba za kuhakiki data

Steshenari moja hapa Dodoma, mchana wa vumbi. Kijana wa kompyuta anamjazia mzee fomu ya mtandaoni. Kwenye kisanduku cha kata anaandika Ng'hong'onha, na chini yake maandishi mekundu yanatokea: "Tumia herufi pekee." Anafuta, anaandika upya, mekundu yale yale.

"Mzee wangu, mashine haitaki haka kakoma ka juu. Nikatoe?"

Mzee anainamia kioo. "Kakitoka hapo, mwanangu, si kwetu tena."

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi, nikaangalia chini. Nyuma ya fomu za namna hii mara nyingi kuna maktaba ya kuhakiki: msimbo huria, ulio wazi kwa yeyote kuutumia, ambao watu huuchomeka kwenye mifumo yao ili uulize kila kinachoingizwa, je, una umbo linalotakiwa? Nasaidia kutunza moja ndogo ya aina hiyo, na kosa lile tuliwahi kuwa nalo sisi wenyewe.

"Sharti likikazwa, data inakuwa salama zaidi." Kati ya dhana potofu ninazozisikia, hii ndiyo imenila muda kuliko zote. Aliyeandika ruwaza (kanuni ya umbo la maandishi yanayokubalika) ya A mpaka Z hakuwa na ubaya, alidhani jina ni herufi tu. Lakini ng'oa na ngoa ni maneno mawili tofauti, na majina ya Kigogo yanakwenda mbali zaidi na ng'h yake. Tulipoiruhusu ritifaa, yaani kale kakoma ka juu, tukajiona tumemaliza. Malalamiko yakarudi, safari hii kwa wanaojaza kwa simu. Kibodi za simu nyingine hugeuza kialama kilichonyooka kikawa kilichopinda. Jicho halijali, kompyuta inajali: katika Unicode, orodha inayoipa kila alama ya maandishi namba yake, kimoja ni U+0027, kingine ni U+2019. Majaribio yetu yalikuwa yameandikwa kwenye kompyuta, kwa kile kilichonyooka, kwa hiyo yalipita kila siku huku watu wakikataliwa. Sasa tunapokea vyote viwili na kurudisha kilichonyooka, na nyaraka zinalisema hilo waziwazi, maana anayelinganisha majina ya kanzidata mbili bila kulijua atapata watu wawili badala ya mmoja.

Wapo waliotupinga: ritifaa ni mlango wa wadukuzi, ifungwe. Ni kweli kwamba mtu anaweza kupenyeza amri za SQL, lugha ya kuziagiza kanzidata, kwa kutumia alama hiyo, lakini dawa yake ni kutenganisha amri na data pale ombi linapotumwa kwenye kanzidata. Ukimkatalia mzee jina la kata yake, udhaifu wa mfumo wako unabaki palepale.

Tena, kukaza sharti ni badiliko linalovunja. Mfumo uliopokea jina fulani jana ukilikataa leo kwa sababu tumeongeza sharti dogo, kwa anayeutumia huo umeharibika. Kwa utaratibu wa namba tatu za toleo (kama 2.4.1), badiliko hilo linapandisha namba ya kwanza. Haliingizwi kimyakimya kwenye ile ya mwisho kama vile tumesahihisha herufi.

"Msimbo usioguswa hauharibiki." Tulirithi kipande kilichosoma tarakimu za mwanzo za namba ya simu na kutaja mtandao wake. Kilikuwa sahihi mpaka Machi 2017, Tanzania ilipoanza kuruhusu mtu kuhama mtandao na namba yake ileile. Hakuna herufi iliyobadilika, majaribio yote yalipita, na kipande kikawa kinasema uongo. Kilichohitaji kurekebishwa kwanza ni maelezo: kinataja mtandao uliopewa namba hiyo mwanzoni, basi.

Ndiyo maana nakwazika nikisikia kwamba nyaraka ni kazi ya mwisho, apewe anayejifunza. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali la mstari mmoja: namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, mbona mfano wenu una vistari, vinakubaliwa au havikubaliwi? Tulibishana siku tatu. Msimbo ulivikubali kwa bahati, hakuna aliyewahi kuamua. Mgeni ndiye aliyeliona pengo, lakini jibu lilipaswa kutoka kwa anayejua kwa nini. Siku hizi mifano ya kwenye nyaraka inaendeshwa pamoja na majaribio. Lugha ya programu ya Python ina chombo cha kazi hiyo, doctest, tangu 2001, na hatukuwa na kisingizio cha kuchelewa. Ujumbe wa kosa nao tunauhesabu kuwa nyaraka. "Ingizo si sahihi" humwambia mtu aende nyumbani tu.

"Ruwaza ikipita majaribio yote ni salama." Julai 20, 2016, Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, ililala dakika 34 kwa sababu ya ruwaza ya kupunguza nafasi tupu, iliyozidiwa na maandishi yenye nafasi zipatazo 20,000 mfululizo. Tangu niisome habari hiyo, kila ruwaza mpya naitupia kwanza ingizo refu la kipuuzi.

Na namba iliyopita uhakiki si lazima iwe ya mtu. Sisi tunaangalia umbo: tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa inayowezekana. Kama mwenyewe yupo, hilo linaulizwa NIDA. Bado kuna watu wanaoripoti hitilafu wakibandika kitambulisho halisi cha mteja hadharani. Tunakifuta, tunawaomba namba ya kubuni, halafu tunajibu swali.

Wengine hudhani huria maana yake kuna mtu amekaa zamu. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Mimi hujibu usiku, umeme ukiwepo.

Pale steshenari, kijana alikatoa kakoma, akabonyeza Tuma, ikapita. Mzee alilipa, akachukua karatasi iliyochapwa, akaazima kalamu kaunta, akakaweka kwa mkono. Mara mbili, kila kamoja mahali pake.