Je, wajua kwa nini funguo za kumbukumbu hujaribiwa upya kwa kila aina ya prosesa?

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa, na kwa kawaida programu inayotaka kuzuia ukurasa usiandikwe huuomba mfumo endeshi ubadilishe jedwali la kurasa, kazi inayokula muda hasa kurasa zinapokuwa nyingi. Funguo za ulinzi wa kumbukumbu huondoa mzigo huo: kila ukurasa hupewa namba ya ufunguo, na rejista moja, yaani hifadhi ndogo sana ndani ya prosesa, huonyesha kila ufunguo unaruhusu nini kwa wakati huo. Programu ikibadilisha rejista hiyo, kurasa zote zenye ufunguo husika hufungwa au kufunguliwa papo hapo, bila kiini cha mfumo endeshi kuitwa.

Kwa kuwa ulinzi huo hutekelezwa na prosesa yenyewe, kila mtengenezaji ameuunda kwa namna yake. Kwenye prosesa za Intel, ambazo funguo zake zilianza kutumika katika mfumo endeshi wa Linux mwaka 2016, zipo funguo 16, na rejista ya PKRU hutenga biti 2 kwa kila mmoja: moja hukataza kusoma na kuandika, nyingine hukataza kuandika tu. Prosesa za POWER za IBM zina funguo 32 katika rejista ya AMR, na mpangilio wake ni wa kinyume, kwa maana ufunguo 0 umewekwa kwenye biti za juu kabisa. Kwenye prosesa za Arm, ambako uwezo huu uliingia na Linux 6.12 mwaka 2024, hutumika funguo 8 zenye biti 4 kila mmoja, na biti hizo hutoa ruhusa badala ya kuikataza.

Tofauti hii ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa ya hatari zaidi. Sufuri katika PKRU humaanisha kwamba kila kitu kimeruhusiwa, ilhali sufuri katika rejista ya Arm, POR_EL0, humaanisha kwamba hakuna kilichoruhusiwa. Kwa sababu ya tofauti za namna hii kati ya prosesa, programu ya majaribio iliyomo katika msimbo wa Linux, iliyoandikwa awali kwa ajili ya x86 pekee, yaani aina ya prosesa za Intel, ilibidi ipangwe upya: mambo ya rejista yakahamishiwa kwenye faili za kila aina ya prosesa, na maswali ya msingi yakabaki ya wote. Je, ukurasa uliofungwa unakataa kuandikwa? Je, kiini nacho hukataliwa kinapoombwa kumwaga data ya faili ndani ya ukurasa huo?

Haitoshi kuona kwamba programu imezuiwa, kwa sababu huenda imezuiwa kwa sababu nyingine kabisa. Jaribio husoma ishara ya kosa iliyotumwa na kiini, huhakikisha kwamba kosa limetokana na ufunguo, kisha hulinganisha namba ya ufunguo iliyotajwa na ile iliyotarajiwa. Vilevile hutunza nakala yake ya rejista na kuilinganisha na rejista halisi kila inaposomwa, ili thamani ikipotea njiani igundulike mara moja.

Hata hivyo, yapo maswali yasiyoweza kuwa na jibu moja. Ufunguo wa x86 hauzuii prosesa kutekeleza maagizo yaliyomo katika ukurasa uliofungwa, na Linux huitumia hali hiyo kuunda kurasa zinazotekelezwa bila kusomeka. Arm ina biti mahususi ya utekelezaji, kwa hiyo huko ufunguo unaweza kuzuia hata hilo.