Michongoma Iliyoziba Kona Ina Mwenyewe

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huamini kwamba tawi likishavuka ukuta na kuning'inia barabarani, ni mzigo wa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, au wa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ikiwa barabara ni kuu au ya mkoa. Sivyo. Wakala hizo husimamia barabara na hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kando yake, lakini michongoma iliyoota ndani ya kiwanja chako hubaki chini ya uangalizi wako hata matawi yake yakiwa nje.

Sheria ya madhara (tort), inayohusu fidia kwa aliyedhuriwa na kosa la mwingine na ambayo misingi yake mahakama zetu ziliirithi kutoka Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, humtaka mmiliki achukue tahadhari dhidi ya hatari anayoijua au anayopaswa kuijua. Na uzio unaomlazimisha dereva wa bajaji kuchomoza nusu ya chombo ndipo aione daladala inayokuja ni hatari ambayo mwenye nyumba, anayepita hapo kila asubuhi, hawezi kudai kwa urahisi kwamba hakuiona. Dereva naye hasalimiki: ajali ikitokea kwa kuwa hakupunguza mwendo, mahakama inaweza kugawanya lawama kati yake na mwenye nyumba.

Maua yaliyopandwa nje ya ukuta, ndani ya hifadhi ya barabara, yana utetezi dhaifu zaidi, kwa kuwa ardhi ile si ya aliyeyapanda.