Kegi ya Bia: Chuma Kisichoshika Kutu au Alumini?

Kegi nyingi za bia, yaani mapipa ya metali ya kuhifadhia bia, huundwa kwa chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304, chenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Zipo pia za alumini. Kosa la kuzichanganya ni la hatari: kostiki soda, kemikali kali inayosafisha kegi ya chuma bila kuiachia alama, huila alumini, huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Kegi iliyofungwa, hata ikiwa nyepesi mkononi, huenda bado ina gesi yenye shinikizo. Usiitoboe, usiikate wala usiipashe moto. Vipimo vyote vifuatavyo hufanywa kwenye ganda la nje, kwa hiyo hakuna haja ya kugusa vali. Tena vali isikupotoshe: mara nyingi ni ya chuma hata pale kegi yenyewe ilipo ya alumini.

Anza na maandishi yaliyogongwa kwenye ukingo wa juu. Ukiona 304, 18/8 au 1.4301, umepata jibu: ni chuma kisichoshika kutu.

Yasiposomeka, wengi hukimbilia sumaku, na hapo ndipo wanapokosea. Chuma cha 304 kwa kawaida hakivutwi na sumaku, sawa na alumini. Lakini bamba lake likikunjwa likiwa baridi kiwandani, sehemu iliyokunjwa hubadilika kidogo na kuanza kuvutwa na sumaku. Basi pitisha sumaku polepole kutoka katikati ya ubavu hadi kwenye mabega na ukingo. Ikiteleza ubavuni kisha ikanasa kwa unyonge penye mkunjo, hiyo si alumini, kwa kuwa alumini hainasi popote. Ikishika kwa nguvu kegi nzima, una aina nyingine ya chuma. Isiponasa popote, bado hujajua.

Uzito husaidia. Kegi tupu ya chuma ya lita 50 huwa na kilo 10 hadi 13 hivi. Ya alumini ni nyepesi zaidi, ingawa si kwa kiasi ambacho watu hutarajia, maana ukuta wake hufanywa mnene. Kwaruza kitako kwa ncha ya kisu: alumini ni laini, huchimbika kwa urahisi na kuacha mfuo mweupe unaong'aa.

Ukibaki na shaka, tumia tone la kostiki. Vaa glavu na miwani ya kinga, ukae nje penye hewa. Weka mililita 100 za maji baridi kwenye chombo cha plastiki, kisha tia gramu 5 za kostiki kidogo kidogo. Daima kostiki ndiyo huingia majini, kamwe si maji juu ya kostiki, kwani mchanganyiko huchemka na kuruka. Dondosha tone moja juu ya ule mkwaruzo. Mkwaruzo ni wa lazima, kwa sababu rangi huzuia tone kufika, na utando wa oksaidi, yaani tabaka jembamba linalojitengeneza juu ya alumini ikikutana na hewa, huchelewesha jibu. Kwenye alumini, vipovu vidogo huanza kupanda na mahali pale hufifia. Kwenye 304 tone hutulia tu kama maji. Suuza kwa maji mengi.

Vipovu vikitokea, kegi hiyo isioshwe kwa kostiki. Tumia sabuni ambayo lebo yake inasema wazi kuwa ni salama kwa alumini.