Kompyuta haijui alfabeti: dhana potofu kuhusu kupanga maneno

Wengi huamini kwamba programu inapopanga maneno hufuata alfabeti. Ukweli ni kwamba hulinganisha namba ambazo kila herufi imepewa katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba: A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97, ndiyo maana "Zabibu" hutangulia "embe" usipotoa maelekezo mengine.

Wapo wanaodhani kwamba ukigeuza herufi zote kuwa ndogo umemaliza. Kwa Kiswidi haitoshi. Alfabeti yake huishia kwa å, ä, ö, kwa mfuatano huo, lakini katika Unicode ä ni 228 na å ni 229. Kwa hiyo mji wa Ängelholm utawekwa mbele ya Åre, kosa ambalo Mswidi ataliona mara moja. Wajerumani nao, ambao wana ä hiyohiyo, huipanga katika kamusi zao pamoja na a. Mwandishi wa programu hana budi kuamua anapanga kwa ajili ya wasomaji wa lugha gani.

Je, hilo humlazimu kubuni upya mbinu ya kupanga? Hapana. Katika lugha ya programu ya Python, sorted, amri ya kupanga orodha, hupokea kigezo kiitwacho key, yaani fanksheni (kipande cha programu) inayopewa neno na kurudisha kitu cha kulinganishwa. Unaandika alfabeti yako kwa mfuatano unaoutaka, unaipa kila herufi namba ya nafasi yake, kisha fanksheni hiyo hugeuza neno kuwa orodha ya namba hizo. Amua mapema pia herufi isiyomo katika alfabeti yako ikae wapi, la sivyo programu inaweza kukwama inapoikuta.

Dhana inayoponyoka hata wazoefu ni kwamba alama moja ndiyo herufi moja. Hadi mwaka 1994, kamusi za Kihispania ziliihesabu ch kuwa herufi kamili, hivyo "chico" lilikuja baada ya "cuna". Anayefuata mpangilio huo lazima kwanza alikate neno katika herufi zake, akiitafuta ch kabla ya c. Anayetaka kuitenga ng' na ng katika Kiswahili ana kazi hiyohiyo, na nyingine juu yake: ritifaa huandikwa kwa alama mbili tofauti, namba 39 na namba 8217, na asipozifanya kuwa moja kwanza, "ng'ombe" atatokea mahali pawili katika orodha moja.