Jeraha la utotoni lililofichwa, na kwa nini hujificha nyuma ya ukamilifu

Jeraha la utotoni lililofichwa ni madhara yanayobaki ndani ya mtu baada ya jambo la kutisha lililompata akiwa mdogo, jambo ambalo hakuwa na mtu wa kumsimulia. Mara nyingi halijasahaulika. Mwenyewe analikumbuka, ila amezoea kulikwepa: ukimuuliza anacheka, au anakuuliza habari za watoto wako.

Hapa Goma mifano haiko mbali. Aliyekuwa na miaka 6 tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, leo ni mzazi. Wengi wa rika lake wamekimbia vita pia, tena zaidi ya mara moja. Siku kama zile wakubwa wanahangaika kuokoa roho na magodoro. Mtoto anaambiwa abebe bidoni, anyamaze, asisumbue. Akinyamaza, anasifiwa.

Ukamilifu, yaani kutojiruhusu kukosea hata kidogo, huanzia hapo. Mtoto asiyeweza kuzuia volkano, risasi wala fimbo ya baba hushika kile anachokiweza: daftari safi, viatu vinavyong'aa, nafasi ya kwanza darasani. Moyoni anaamini kwamba asipokosea, baya halitatokea. Anakua, anakuwa yule dada wa kwaya ambaye kitenge chake hakina mkunjo, na ambaye akikosea sauti mara moja halali usiku kucha. Watu husema ana adabu. Mimi sifa hiyo hunitia shaka kidogo, ingawa si kila mpenda usafi ana jeraha.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada walitofautisha ukamilifu anaojidai mtu mwenyewe, anaoudai kwa wengine, na ule anaoamini kuwa wengine wanamdai yeye. Huu wa mwisho ndio unaochosha zaidi, maana sifa za leo zinaongeza deni la kesho.

Kupona si kufukua kwa nguvu. Mshauri au mwombezi anayesisitiza kwamba "lazima kuna kitu ulifanyiwa" anaweza kumpandikizia mtu kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea. Iko njia iliyokwisha kutumika na waliokuwa wapiganaji mashariki mwa Kongo: kamba inalazwa sakafuni kama mstari wa maisha, ua linawekwa penye jambo jema, jiwe penye baya, kisha mtu anasimulia kwa mfuatano akiwa na msikilizaji aliyefundishwa kazi hiyo. Tukio linapopata mwaka wake na mahali pake, mwili unaanza kujifunza kwamba limepita. Kwa anayesikia risasi hadi leo, kazi hiyo ni ngumu zaidi, na usalama wake unatangulia.

Ukamilifu wenyewe hupunguzwa kwa majaribio madogo: kupokea mgeni kabla ya kufagia, kusema "sijui" kikaoni. Mgeni kwa kawaida hajali. Watakaonung'unika ni wa nyumbani, waliozoea kuhudumiwa na mtu asiyechoka.