Kwa nini tunakuuliza umefanya nini, wala si wewe ni mtu wa namna gani

Dodoso likikuuliza kama wewe ni mpole kwa watu, huenda ukaweka alama kwenye "mara nyingi" na kusonga mbele. Hujadanganya. Lakini jibu hilo linaeleza jinsi unavyojiona zaidi ya ulivyotenda jana mbele ya mkuu wako wa kazi. Kumbukumbu huchuja: ugomvi mmoja mkali hubaki, mazungumzo mengi ya kawaida husahaulika.

Ndiyo maana sisi tunaopima mahusiano ya watu hupendelea kumwomba mshiriki ajaze fomu fupi mara tu anapoachana na mtu aliyekuwa akizungumza naye. Debbie Moskowitz wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliiandalia njia hii orodha ya matendo ya kila siku: nilitoa maoni yangu, nilimkosoa, nilitabasamu, nilikubali yaishe. Mshiriki hajipi alama za tabia; anatia tiki alichokifanya tu. Fomu hupokezana siku hadi siku ili mtu asizoee kujibu bila kufikiri.

Matendo hayo hupangwa kwenye mihimili miwili: mmoja huanzia kutawala hadi kutii, mwingine huanzia ukunjufu hadi ugomvi. Mihimili hii ina mizizi katika kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani Timothy Leary ya miaka ya 1950, na hadi leo hatujapata ramani iliyo bora zaidi.

Matunda yake ni makubwa. Mwaka 1994 Moskowitz na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wanawake na wanaume kazini kwa siku 20. Ilionekana kwamba kutawala kulitegemea cheo: mtu yuleyule aliyetoa amri kwa walio chini yake alinyamaa mbele ya bosi, awe mwanamke au mwanamume. Ukunjufu haukufuata cheo. Wanawake waliuonyesha zaidi ya wanaume, hasa walipokuwa na wanawake wenzao. Swali la "je, wewe ni mtu wa kutawala?" lisingeweza kuyatenganisha hayo, kwa kuwa jibu lake linabadilika kila unapogeuka kuzungumza na mwingine. Kwangu mimi, kubadilika huko ndiko kunakostahili kupimwa.

Njia hii haiponyi kila kasoro. Anayewabeza wenzake bila kujijua hatatia tiki kwenye kubeza. Tena kuna wanaojaza fomu zote kwa mkupuo. Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa maumivu sugu waliopewa shajara za karatasi zenye kihisi cha mwanga kilichofichwa ndani, kilichorekodi shajara ilifunguliwa lini. Kwa maandishi yao wenyewe, wagonjwa walijaza kwa wakati takriban asilimia 90 ya mara walizotakiwa. Kihisi kilionyesha asilimia 11. Siku hizi simu hurekodi saa yenyewe, na hilo limesaidia sana.

Basi ukialikwa kushiriki utafiti wa namna hii, uliza kwanza nani atasoma majibu yako na kama majina ya uliokutana nao yatahifadhiwa. Ukipitiwa na fomu ya mchana, iache wazi, usiijaze usiku kwa kukisia. Pengo tunaweza kulishughulikia kwenye hesabu. Jibu la kubuni hatuna njia ya kulitambua.